Mfinyanzi wa Fumba

Alipozaliwa kijijini Fumba, kusini ya kisiwa cha Unguja, yapata mwaka 1880, aliitwa Mtumwa. Jina hilo halikuwa la mzaha, kwani utumwa ulikuwa ungali halali Unguja, wala haukufutwa kwa sheria mpaka mwaka 1897. Baba yake, Saad, asili yake ilikuwa Unyamwezi, jirani ya Buha yetu. Mama yake alikuwa Mzigua. Basi huyu ambaye watu wa pwani walikuja kumwita Siti, yaani bibi mwenye heshima, damu yake ilitoka bara. Twalitaja hili mapema kwa kuwa wako wadhanio kwamba taarabu haituhusu sisi wa Kasulu na Kibondo.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa ufinyanzi. Alifinyanga vyungu, akavitembeza mjini kuviuza, akiwaita wanunuzi kwa kuimba. Akina mama wa huku kwetu wabebao mizigo kwenda sokoni waijua taabu ya kazi kama ile. Shule hakupata. Mwaka 1911 alihamia mjini, akakutana na Ali Muhsin, mpiga muziki, ambaye aliitambua sauti ile akamfunza kuimba kwa kufuata ala.

Katika siku zile taarabu ilikuwa pambo la jumba la kifalme. Sultani Barghash ndiye aliyeileta kutoka Misri, ikaimbwa kwa Kiarabu, na waimbaji wakawa wanaume. Siti binti Saad alijifunza nyimbo za Kiarabu akaziimba vema. Lakini aliiingiza katika taarabu lugha ya sokoni na uani, Kiswahili. Kwetu sisi hili ndilo kubwa kuliko yote aliyoyatenda. Aliyekuwa akisikia nyimbo bila kuzifahamu, sasa alizifahamu.

Wenye husuda walimtungia wimbo wa kumdhihaki. Naye alijibu kwa wimbo, akasema kwamba uzuri na nasaba si hoja, na kwamba hasara ya mtu ni kukosa akili. Jibu hilo liliwanyamazisha wengi.

Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay, pamoja na wenzake, kutia sauti katika sahani za santuri. Miongoni mwa wapigaji wake walikuwamo Subeti Ambar, Buda Swedi na Mbaruk Talsam, ambaye alikuwa kipofu. Hakuna mwanamke wa Afrika ya Mashariki aliyemtangulia katika jambo hilo. Nyimbo zake zilizorekodiwa zilipita mia, zikachezwa mbali na Unguja.

Aliimba mbele ya Sultani na katika nyumba za matajiri. Wako watakaomlaumu; sisi hatumlaumu, maana nyumba yake mwenyewe ya Ng'ambo, mtaa wa wanyonge, ilikuwa wazi jioni kwa majirani, na huko ndiko yalikozungumzwa mambo yaliyogeuka kuwa nyimbo. Mojawapo ni wimbo wa Kijiti. Mwanamke mgeni kutoka Dar es Salaam alichukuliwa kwenye karamu ya ulevi, akatendewa jeuri, akauawa. Muuaji alivuka bahari akaokoka. Wanawake waliofika mahakamani kutoa ushahidi ndio waliofungwa, kwa kosa la kuleta pombe. Siti hakuwa na gazeti wala kiti katika baraza lolote, lakini hukumu ile aliitia katika santuri, na kila mwenye masikio akajua jinsi haki ilivyogawanywa Unguja chini ya Waingereza.

Alifariki tarehe 8 Julai 1950. Kabla ya hapo Shaaban Robert alikuwa amekwisha kuzungumza naye, na kutokana na mazungumzo hayo aliandika Wasifu wa Siti binti Saad. Mwaka 1988 waandishi wa habari wanawake wa Tanzania walipoanzisha jarida lao, waliliita Sauti ya Siti.