Henri Dunant, msafiri aliyekatiza safari yake Castiglione

Tarehe 8 Mei huadhimishwa duniani kote kuwa Siku ya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu. Kamembe, Bugarama na Mururu wapo wengi wanaoifahamu nembo hiyo kuliko wanavyomfahamu mtu ambaye siku yake ya kuzaliwa ndiyo iliyochaguliwa kwa maadhimisho hayo. Mtu huyo ni Henri Dunant, aliyezaliwa Geneva, Uswisi, mwaka 1828. Hakuwa daktari, wala mwanajeshi, wala kiongozi wa dini. Alikuwa mfanyabiashara aliyekuwa safarini, na safari yenyewe ilikuwa ya kutafuta faida.

Wazazi wake walikuwa Wakristo wa madhehebu ya Calvin, watu wenye nafasi waliojishughulisha na maskini, yatima na wafungwa. Shuleni hakufanya vizuri, hata ikabidi aondoke kabla ya kumaliza. Akaingia benki kujifunza kazi, na mwaka 1853 akapelekwa Algeria, iliyokuwa chini ya Ufaransa, kushughulikia mambo ya kampuni ya Geneva iliyopewa ardhi huko Sétif. Baadaye alianzisha kampuni yake ya vinu vya kusaga nafaka mahali palipoitwa Mons-Djémila. Tusilifunike jambo hili: ardhi hiyo ilikuwa ya wenyeji, na Dunant alikuwa miongoni mwa walowezi waliofaidika nayo. Hata hivyo, alipotembelea Tunisia aliandika kitabu juu ya nchi hiyo, na ndani yake akazungumzia utumwa, akiulinganisha ule wa nchi za Kiislamu na ule wa Marekani. Hukumu yake kali zaidi aliielekeza kwa Marekani.

Vinu vilihitaji maji, na kibali cha maji kilizungushwa kutoka ofisi hadi ofisi. Dunant akaamua kumwendea Mfalme Napoleon wa Tatu mwenyewe, ambaye wakati huo alikuwa kaskazini mwa Italia akipigana, pamoja na Wasardinia, dhidi ya Austria. Alibeba kitabu cha kumsifu mfalme, akitumaini sifa zingefungua mlango. Jioni ya tarehe 24 Juni 1859 akafika mji mdogo wa Castiglione delle Stiviere, akiwa amevaa suti nyeupe ya nchi za joto.

Siku hiyohiyo, karibu na hapo, Solferino, askari wapatao 300,000 walikuwa wamepigana tangu alfajiri. Takriban 40,000 waliuawa, walijeruhiwa au hawakuonekana tena. Jeshi la Ufaransa lilikuwa na waganga wa farasi wengi kuliko madaktari wa binadamu. Majeruhi walikokotwa kwa mikokoteni hadi Castiglione, wakalazwa makanisani, shuleni, majumbani na mwishowe barabarani juu ya majani makavu. Maji yalikuwepo na chakula kilikuwepo, lakini watu walikufa kwa kiu na njaa kwa sababu hapakuwa na mikono ya kuwafikishia.

Dunant hakuwa na cheo wala amri kutoka kwa yeyote. Alianza na kanisa kuu la mji, Chiesa Maggiore, ambamo mamia walikuwa wamelala wakigusana. Akawakusanya wanawake wa mtaa kuosha vidonda na kunywesha watu maji. Akawatuma watoto kujaza ndoo kwenye visima na kuzirudisha. Akamtuma mwendesha gari lake la farasi hadi mji wa Brescia, akarudi na mashati, sponji, vitambaa, malimau, sukari na tumbaku. Tumbaku si anasa katika habari hii: moshi wake ulipunguza harufu ya vidonda vilivyooza na kuwatuliza waliongoja kukatwa viungo.

Kisha akawageukia wasafiri wenzake. Kulikuwa na Waingereza wawili walioingia kanisani kwa udadisi tu, wakazuiwa karibu kwa nguvu na kupewa kazi. Kulikuwa na afisa mstaafu wa majini, padri wa Kiitalia, mwandishi wa gazeti la Paris, na mfanyabiashara kutoka Neuchâtel aitwaye Philippe Suchard, ambaye jina lake lingali kwenye chokoleti hadi leo. Huyu wa mwisho alishinda siku mbili akifunga vidonda na kuwaandikia waliokuwa wakikata roho barua za kuziaga familia zao. Wapo walioshindwa kustahimili waliyoyaona, wakaondoka. Dunant anasimulia hayo bila kuwalaumu.

Wakazi wa Castiglione mwanzoni walielekea kuwahudumia Wafaransa, waliokuwa wakombozi wao, na kuwapita Waustria. Walipoona mgeni huyu hachagui sare, wanawake wakaanza kufanya vivyo hivyo, wakiambiana kwamba wote hao ni ndugu. Dunant aliomba pia madaktari wa Austria waliotekwa waachiliwe ili watibu majeruhi, na wakaachiliwa. Mambo haya mawili, kutochagua majeruhi na kutomhesabu daktari kuwa adui, ndiyo mbegu ya yote yaliyofuata.

Kibali cha maji hakukipata. Alirudi Geneva, na mwaka 1862 akachapisha kwa fedha zake nakala 1,600 za kitabu kuhusu Solferino. Alipendekeza kila nchi iwe na chama cha watu wa kujitolea, waliofunzwa wakati wa amani, na pia pawe na mkataba wa kuwalinda majeruhi na wahudumu wao. Mwanasheria Gustave Moynier alikisoma akavutiwa, na tarehe 17 Februari 1863 watu watano walikutana Geneva: Moynier, Dunant, Jenerali Dufour na madaktari Appia na Maunoir. Mwaka huohuo nembo ikachaguliwa, ambayo ni bendera ya Uswisi iliyobadilishwa rangi. Ni vyema jambo hili lijulikane kwa wasikilizaji wetu Waislamu ambao huuliza kuhusu msalaba huo. Dola ya Uthmaniya ilianza kutumia hilali mwaka 1876, na alama zote mbili zina hadhi sawa katika sheria. Tarehe 22 Agosti 1864 nchi 12 zilitia saini Mkataba wa kwanza wa Geneva.

Nembo hiyo ina thamani pale tu inapoheshimiwa. Hapa Rwanda, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi mwaka 1994, mwezi Aprili, majeruhi walishushwa kutoka ndani ya gari la Msalaba Mwekundu mjini Kigali wakauawa. Huku Cyangugu, Watutsi waliokuwa wamezuiliwa katika uwanja wa Kamarampaka, ambako baadhi yao walichukuliwa na kuuawa, walihamishiwa kambi ya Nyarushishi mwezi Mei. Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu iliwapelekea chakula kambini humo, na watu wapatao 8,000 walinusurika. Miaka 14 baadaye, Jumapili ya tarehe 3 Februari 2008, tetemeko lilipoitikisa Rusizi na Bukavu na kuwaangushia waumini kuta za kanisa, watu wa kujitolea wa Msalaba Mwekundu wa Rwanda walikuwa miongoni mwa waliofika kuwasaidia majirani zao.

Dunant mwenyewe aliporomoka mapema. Akiwa amezama katika kazi ya kamati, aliiacha biashara ya Algeria ijiendeshe. Mwaka 1867 akafilisika, akawaponza waliomkopesha, na mwaka uliofuata mahakama ya Geneva ikamtia hatiani. Alilazimika kutoka katika kamati. Moynier alikuwa na kinyongo naye tangu mwaka 1863, Dunant alipokwenda Berlin na kutangaza pendekezo la kulinda wahudumu wa tiba bila idhini ya wenzake. Sasa alihakikisha kwamba jina lake linafutika. Kwa maoni yangu, Moynier alikuwa na haki ya kulinda chama kisichafuliwe na deni. Kumsukuma mtu gizani kwa miaka mingi ni jambo lingine.

Kwa takriban miaka 20 Dunant alihama mji hadi mji, akiwa fukara. Mwaka 1887 alifika kijiji cha Heiden, na kuanzia mwaka 1892 akaishi katika chumba namba 12 cha hospitali ya hapo. Mwandishi wa habari Georg Baumberger alimkuta mwaka 1895, akaandika habari zake, na Ulaya ikashangaa kwamba bado yu hai. Mwaka 1901 alipewa Tuzo ya kwanza ya Nobel ya Amani, akigawana na Mfaransa Frédéric Passy. Rafiki yake Hans Daae alihakikisha fedha hizo zinabaki Norway, mahali ambapo wadai hawangezifikia, na Dunant hakuzigusa kwa matumizi yake.

Alifariki tarehe 30 Oktoba 1910, akazikwa Zürich bila sherehe, kama alivyoagiza. Katika wosia wake aliacha fedha za kugharimia kitanda kimoja katika hospitali ya Heiden, kiwe tayari wakati wote kwa mgonjwa maskini wa kijiji hicho.