Nabongo Mumia na Wapagazi Wasioandikwa

Ukiutaja mji wa Mumias umelitaja jina la mtu. Huyo ni marehemu Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyemrithi baba yake, Shiundu, mnamo 1882. Boma lake lilikuwa kituo cha misafara iendayo Uganda, na mwaka 1909 Waingereza wakamfanya Chifu Mkuu.

Vita vya 1914 vilipozuka, machifu wa Kavirondo Kaskazini walidaiwa vijana wa kuchukua mizigo ya jeshi hadi nchi ya Wajerumani, Tanganyika ya baadaye. Wengi hawakurudi. Kikosi chao ndicho kilichoacha jina la Kariokor mjini Nairobi na Kariakoo mjini Dar es Salaam.

Mumia alistaafu 1926, akafariki 1949, na habari zake zimeandikwa. Lakini wapagazi wengi waliofia vitani hawana kaburi lenye jina. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilikiri kasoro hiyo na kuomba radhi.

Mimi naona radhi peke yake haitoshi. Kila mlango wa Uwanga unaomkumbuka babu aliyekwenda asirudi na umwandikishe, ili daftari zisahihishwe wazee wangalipo.