Kwa Hiari, si kwa Amri

Julius Kambarage Nyerere alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Mtemi Burito wa Wazanaki. Alibatizwa mwaka 1943, akasoma Makerere na Edinburgh, akafundisha Tabora na Pugu. Ndiyo sababu hata alipokuwa Rais watu walimwita Mwalimu.

Swali moja lilimshughulisha sana: ardhi ni ya nani? Mwaka 1958 Serikali ya kikoloni ilikusudia kuwaruhusu Waafrika kumiliki mashamba daima na kuyauza. Yeye alipinga kwa maandishi, akihofu kwamba wachache wenye fedha wangeinunua nchi, na wengi wangekuwa vibarua katika ardhi ya baba zao. Baada ya Uhuru, mwaka 1963, milki za daima zikageuzwa kuwa za kukodi kwa Serikali.

Hatari ya kilimo kisicho cha wananchi ilikwisha kuonekana Nachingwea. Tangu mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta kulima karanga huko, na pia Kongwa na Urambo. Wakajenga reli na bandari ya Mtwara. Mwaka 1951 mpango ukavunjwa, nao umekwisha kumeza pauni milioni 36 hivi. Mkulima wa Nachingwea na Ruangwa akabaki na jembe lake la mkono.

Mwalimu akatafuta njia nyingine. Mwaka 1967, baada ya Azimio la Arusha, alieleza vijiji vya ujamaa: jamaa wakusanyike kwa hiari, walime pamoja, wagawane mavuno. Wakulima wa Litowa, Songea, walikuwa wamekwisha kuanza wenyewe. Lakini mwaka 1969 TANU ikauvunja umoja wao, na mwaka 1973 Mwalimu akatoa amri kwamba wote wawe wamehamia vijijini kabla mwaka 1976 haujaisha. Hiari ikawa amri. Kufikia mwaka 1977 watu zaidi ya milioni 13 walihesabiwa vijijini.

Kusini watu walilipa kwa korosho. Waliohamishwa wakawa mbali na mikorosho yao, na mingi ikamezwa na pori; maradhi ya miti na bei ndogo vikazidisha hasara. Tani 145,000 za msimu wa 1973/74 zikapungua zisifike 20,000 mwaka 1986/87.

Haki yataka tuseme yote mawili. Shule na zahanati zilifika vijijini, wala ardhi haikuangukia mikononi mwa matajiri wachache. Mwaka 1977 Mwalimu mwenyewe aliandika waziwazi juu ya mafanikio na makosa ya miaka 10 ya Azimio. Mwaka 1985 aliacha Urais, akarudi Butiama kulima. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999.

Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji, iliyoweka ardhi hiyo chini ya halmashauri ya kijiji na mkutano wa wanakijiji wote. Basi, ndugu wasomaji, mkutano ukiitwa kugawa ardhi, baba na mama waende wote wawili. Asiyekwenda huamuliwa na wengine.