William Wellman na majambazi wa Yellow Sky

Zikitajwa filamu za makauboi, wengi humtaja John Wayne au mwongozaji John Ford. Leo tunamkumbuka William Wellman, ambaye filamu yake ya majambazi, Yellow Sky, haitajwi sana ingawa inastahili.

Wellman alizaliwa mwaka 1896 katika jimbo la Massachusetts, Marekani. Alikuwa kijana mtundu, akafukuzwa shule. Wakati wa Vita Kuu ya Kwanza alikwenda Ufaransa na kuwa rubani wa ndege za kivita. Mwaka 1918 ndege yake ilitunguliwa. Alinusurika, lakini aliumia mgongo.

Baada ya vita, mwigizaji maarufu Douglas Fairbanks alimwingiza kwenye sinema. Kuigiza hakukumpendeza, akahamia nyuma ya kamera. Filamu yake ya marubani, Wings, ya mwaka 1927, ndiyo ya kwanza kupata tuzo ya Oscar ya filamu bora.

Yellow Sky ilitoka mwaka 1948. Majambazi wanaiba benki, wanafukuzwa na askari, na wanalazimika kukatiza jangwa la chumvi. Maji yanaisha, farasi wanachoka. Wanatokea kwenye mji uliohamwa na watu, wamebaki mzee mmoja na mjukuu wake wa kike, wenye dhahabu waliyoificha. Kiongozi wa genge, aliyeigizwa na Gregory Peck, anaahidi kugawana dhahabu hiyo na wenyewe nusu kwa nusu. Mwenzake, Richard Widmark, anaitaka yote. Hapo ndipo ugomvi unapoanza: je, ahadi ya mwizi ina uzito?

Sisi watu wa redio tunaipenda kwa sababu nyingine. Wellman hakujaza muziki. Unasikia upepo, kwato na hatua za watu. Hata pambano la mwisho hatuonyeshwi vizuri. Tunabaki nje gizani, tukisikia risasi, tusijue nani kapona hadi binti anapoingia kutazama. Waongozaji wengi wangeonyesha kila risasi. Yeye alituacha na hofu ya yule binti.

Mwishoni kiongozi yule anarudisha fedha za benki. Wellman hasemi kwamba majambazi ni watu wema. Anaonyesha kwamba mtu aliyepotoka bado anaweza kugeuka, ila lazima arudishe alichochukua.

Wellman alifariki Desemba 1975 akiwa na miaka 79. Ukiipata Yellow Sky, itazame usiku kukiwa kimya, na utege sikio.