Maisha ya Mchungaji Paul Gerhardt, Mtunga Nyimbo

Wasomaji wetu wengi wameziimba nyimbo za Paul Gerhardt tangu utoto wao, na huenda hawajui kwamba ni zake; maana jina la mtunzi huandikwa kwa herufi ndogo, nasi tuimbapo macho yetu hayafiki pale. Wimbo ule wa Ijumaa Kuu juu ya kichwa cha Bwana kilichojaa damu na majeraha ni wake. Na wimbo wa kumkabidhi Mungu njia zetu zote, uimbwao penye misiba, nao ni wake. Lakini mwezi huu si nyimbo tu tutakazo kueleza. Twataka kusimulia jinsi mtu huyu, mpole kuliko wengi wa zamani zake, alivyoondolewa mimbarani akiwa na umri wa miaka 58, wala si kwa kosa la mwenendo, bali kwa sababu ya karatasi moja aliyotakiwa kuitia sahihi kwa ajili ya amani ya Kanisa.

Alizaliwa tarehe 12 Machi 1607 katika mji mdogo wa Gräfenhainichen, nchi ya Saksonia, si mbali na Wittenberg. Baba yake alikuwa na nyumba ya wageni na mashamba, tena alikuwa mmoja wa wakuu wa mji. Mwaka 1618 vita vikaanza katika Ujerumani, vikadumu miaka 30. Mwaka 1619 baba akafa, na mwaka 1621 mama akamfuata, hata kijana akabaki yatima akiwa na miaka 14. Akasoma katika shule ya Grimma, na mwaka 1628 akaingia chuo kikuu cha Wittenberg kusoma elimu ya Mungu. Alipokuwa huko, mwaka 1637, askari wa Uswidi waliuteketeza mji wake wa kuzaliwa, na nyumba ya wazazi wake ikateketea pamoja nao.

Mambo aliyofundishwa Wittenberg hatuna budi kuyaeleza kidogo, kwani bila hayo habari zake hazieleweki. Baada ya kufa kwake Luther mwaka 1546, wafuasi wake waligombana miaka 30 hivi juu ya mambo mengi ya imani. Mwisho, mwaka 1577, wataalamu wao wakaandika kitabu kilichoitwa Fomula ya Konkordia, na maana ya neno konkordia ni mapatano, yaani mioyo kuwa mmoja. Kitabu hicho kilirudisha amani kati ya Walutheri walio wengi. Lakini kitabu kile kile kiliweka mpaka kati yao na Wareformati, ndio wafuasi wa mafundisho ya Calvin. Hivyo mapatano ya nyumba moja yakawa ukuta mbele ya nyumba ya pili. Gerhardt alikipokea kwa moyo wote.

Mwaka 1643 au karibu yake akahamia Berlin, akawa mwalimu wa watoto katika nyumba ya mwanasheria mmoja, bwana Berthold. Huko akajuana na Johann Crüger, mwimbishaji wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, aliyempatia tuni za nyimbo zake. Mwaka 1647 Crüger akatoa kitabu cha nyimbo chenye nyimbo 18 za Gerhardt. Hapo alikuwa na miaka 40, hana kazi ya uchungaji, hana mke, hana nyumba. Mwaka 1651 ndipo alipobarikiwa kuwa mchungaji, akapewa ushirika wa Mittenwalde, kusini mwa Berlin. Na siku ile aliahidi mbele ya Mungu kufundisha sawasawa na Ungamo la Augsburg na vitabu vingine vya imani ya Kilutheri, pamoja na Konkordia. Mwaka 1655 akamwoa Anna Maria, binti wa bwana Berthold. Mungu akawapa watoto watano, lakini wanne walikufa wakiwa wadogo. Kibao cha ukumbusho wa binti yao wa kwanza, aliyekufa kabla ya kutimiza mwaka mmoja, kiliwekwa katika kanisa la Mittenwalde. Mwaka 1657 Gerhardt akaitwa Berlin, awe mmoja wa wachungaji wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, na watu wakampenda sana.

Sasa tutazame hali ya nchi. Watu wa Brandenburg walikuwa Walutheri. Lakini mwaka 1613 mtawala wao, Johann Sigismund, alijiunga na Wareformati. Raia hawakumfuata, naye hakuwalazimisha. Tangu siku ile mtawala na watumishi wa nyumba yake walishiriki Meza ya Bwana kwa namna moja, na raia kwa namna nyingine. Walutheri walifundisha kwamba katika mkate na divai mwenye kushiriki anapokea kweli kweli mwili na damu ya Kristo, hata kama ni mtu asiyeamini. Wareformati walifundisha kwamba Kristo yuko mbinguni kwa mwili wake, na mwenye kuamini humpokea kwa Roho na kwa imani. Mtu aweza kusema kwamba tofauti hiyo ni ndogo. Lakini kwa mgonjwa aliye kitandani, aulizaye kama Bwana amemjia kweli katika mkate ule ijapokuwa imani yake imepungua, si ndogo hata kidogo. Na Gerhardt alikuwa amekaa penye vitanda vingi vya wagonjwa.

Mtawala wa siku zake Gerhardt alikuwa Friedrich Wilhelm, aliyetawala tangu 1640 hata 1688. Hatupendi kumsimulia kama Farao. Aliipokea nchi iliyoharibiwa na vita, mashamba yamekuwa msitu na miji imebaki nusu ya watu wake. Aliona jinsi Wakristo walivyochinjana miaka 30, naye akasikia jinsi wahubiri wa madhehebu mbili za Injili walivyotukanana mimbarani. Ni yeye aliyewapokea mwaka 1685 Waprotestanti waliofukuzwa Ufaransa. Alitaka amani, na atakaye amani baada ya vita vya namna ile, ni nani atakayemlaumu?

Basi mwaka 1662 akawaita wachungaji wa pande zote mbili wakutane Berlin washauriane. Walikutana mara nyingi mpaka mwaka 1663. Gerhardt hakuwa msemaji mkuu, lakini kalamu ya Walutheri ilikuwa mikononi mwake, maana wenzake walimtegemea kuandika majibu yao. Katika maandiko hayo tunaona upande wake ulio mgumu. Alikiri kwamba kati ya Wareformati wamo Wakristo. Lakini Wareformati kwa jumla, wakishika mafundisho yao yale, hakukubali kuwaita ndugu katika Kristo. Neno hili hatuwezi kulipamba. Twaona kwamba hapo alikwenda mbali kuliko alivyolazimishwa na ungamo lake, kwani mtu aliyebatizwa kwa jina la Utatu, anayelitumainia damu ya Kristo, ni ndugu hata akikosa katika fundisho zito. Mashauri yale yakavunjika bila matunda.

Kisha tarehe 16 Septemba 1664 mtawala akatoa agizo. Wahubiri wasitajane kwa majina ya matusi, wala mtu asimsingizie mwenzake fundisho ambalo mwenzake mwenyewe analikana. Na kila mchungaji atie sahihi karatasi ya kuahidi kulitii agizo. Asiyetia sahihi ataondolewa kazini. Tukilisoma agizo hili upesi twaona ni jema, maana matusi si mahubiri. Walutheri wa Berlin waliona jambo lingine. Waliona kwamba aliyetia sahihi amekubali kuiweka Konkordia kando, nao waliapa kuishika. Tena kwamba mipaka ya mahubiri imewekwa na mtawala, naye ni mtu wa ungamo jingine. Mwaka 1665 wakubwa wawili wa kanisa la Mtakatifu Nikolai, Lilius na Reinhardt, wakaondolewa. Baadaye Lilius, mzee aliyechoka, alitia sahihi akarudishwa; Reinhardt akahamia Leipzig.

Tarehe 6 Februari 1666 ikafika zamu ya Gerhardt. Akaitwa mbele ya baraza la kanisa, akapewa muda wa kufikiri. Akajibu kwamba amekwisha kufikiri, wala hatabadili neno. Akaondolewa kazini.

Hapo mji wote ukaingia huzuni. Vyama vya mafundi, waoka mikate na wachinjaji na washona nguo, wakaenda kwa baraza la mji kumwombea, na baraza likamwandikia mtawala. Na wakuu wa nchi nao wakaandika. Wote walishuhudia jambo moja, kwamba mtu huyu hakuitukana kamwe dini ya mtawala, bali alihubiri Kristo na kuwavuta watu kwenye maisha matakatifu. Yaani jambo lililokatazwa na agizo, Gerhardt hakulitenda hata kabla ya agizo kuwako. Kwanza mtawala alikasirika, lakini mwanzo wa mwaka 1667 akalegea. Akasema Gerhardt hakuielewa maana ya agizo, basi arudishwe kazini pasipo kutia sahihi.

Watu wakafurahi, nasi tungalifurahi pamoja nao. Mke alikuwa mgonjwa, mtoto mmoja tu amebaki, na mlango uko wazi. Lakini pamoja na ruhusa ile kulikuja neno kutoka kwa mtawala, kwamba anatumaini Gerhardt atalifuata agizo ijapokuwa hakutia sahihi. Neno hilo likamnyima usingizi. Kwani sahihi ni nini, ila alama ya kilichomo moyoni? Kama akirudi mimbarani, na mtawala anadhani amekubali, na ushirika unadhani amekataa, amemdanganya nani? Akaandika kuomba ruhusa iliyo wazi ya kuishika Konkordia katika mafundisho yake yote. Jibu likawa fupi: ikiwa hataki, atafutwe mwingine. Basi Gerhardt mwenyewe akaiacha kazi yake.

Jambo hili la pili latushangaza kuliko lile la kwanza. Mara ya kwanza aliondolewa na watu. Mara ya pili hapakuwa na aliyemwondoa ila dhamiri yake. Wako waliosema, nao wako hata leo, kwamba ilikuwa dhamiri nyembamba mno, na kwamba kwa ajili ya kundi lililompenda angaliweza kunyamaza. Sisi twaona kwamba kama angalinyamaza, kundi lile lingalijifunza kwake kwamba fundisho la Meza ya Bwana ni kitu cha kushikwa mpaka mshahara utakapoguswa. Umoja aliouogopa si umoja wa Wakristo. Ni umoja wa watu waliokatazwa kusema wanachoamini.

Na tazama, mambo yale yale yalirudi. Mwaka 1817 mfalme wa Prussia, wa ukoo wa mtawala yule, aliunganisha Walutheri na Wareformati wa nchi yake. Walutheri waliokataa waliteswa, na wengine wakahamia Australia na Marekani. Hata wamisionari waliokuja kwetu walikuwa na alama ya jambo hili: wale wa Leipzig, waliofika Kilimanjaro mwaka 1893, walitoka katika chama kilichoshika sana ungamo la Kilutheri, na wale wa Berlin, waliofika Unyakyusa mwaka 1891, walitoka katika nchi ya muungano ule wa Prussia. Mwaka 1963 sharika walizozianzisha ziliingia pamoja katika Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania. Na huko Ulaya, mwaka 1973, Walutheri na Wareformati walikutana Leuenberg, Uswisi, wakapatana katika neno la Meza ya Bwana na kushirikiana mimbara na meza. Safari hii hapakuwa na mtawala wa kuwahimiza. Walilijadili fundisho lenyewe miaka mingi, wakaandika wazi wanayokubaliana. Wako Walutheri wasioridhika na mapatano hayo, lakini hakuna aliyetakiwa kunyamaza.

Turudi kwa Gerhardt. Tarehe 5 Machi 1668 Anna Maria akafa, na Paul Friedrich, mtoto pekee aliyebaki, alikuwa na miaka kama mitano. Watu husimulia kwamba wimbo wa kumkabidhi Mungu njia zetu aliutunga safarini, alipofukuzwa Berlin pamoja na mkewe. Ni hadithi tamu, lakini si kweli: wimbo ule ulikuwa umekwisha kuchapwa mwaka 1653, wala yeye na mkewe hawakufukuzwa mjini. Alikuwa ameuimbisha ushirika miaka 13 kabla ya kutakiwa auishi mwenyewe.

Mwaka 1668 akaitwa Lübben, katika Lausitz, nchi iliyokuwa chini ya Saksonia, ambako agizo la Brandenburg halikuwa na nguvu. Mwaka 1669 akaanza kazi huko. Ulikuwa mji mdogo, na nyimbo mpya hazikutoka tena kwake ila chache. Karibu na mwisho wake akamwandikia mwanawe wasia: asome elimu ya Mungu katika vyuo vilivyo safi, wala asifuatane na wenye kuchanganya imani, kwani hao hutafuta faida ya dunia. Ni maneno makali, ya mtu aliyelipa gharama. Akafa tarehe 27 Mei 1676, mwenye miaka 69, akazikwa katika kanisa lile karibu na madhabahu.

Picha yake imetundikwa humo, na chini yake yako maneno ya Kilatini yanayomfananisha na mtu aliyepepetwa, kama Bwana alivyomwonya Petro. Wimbo wake wa Ijumaa Kuu aliutoa katika shairi la Kilatini la watawa wa zamani, kabla ya Luther. Siku hizi Wakatoliki wa Ujerumani wanao katika kitabu chao, na Wareformati nao wanauimba.