Nikolaus Pevsner: Mkimbizi aliyewaorodheshea Waingereza makanisa yao

Na Mwandishi Wetu

WAHENGA walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Uingereza, mmoja wa wageni wa aina hiyo alikuwa Nikolaus Pevsner, msomi aliyefukuzwa kazi kwao Ujerumani mwaka 1933, akaingia nchi ya watu bila ajira, na miaka 40 baadaye akawa amewaandikia wenyeji wake historia ya majengo yao, kijiji kwa kijiji, kanisa kwa kanisa.

Ndugu msomaji unayeishi Uingereza, makanisa haya unayaona kila siku. Ukisafiri kwa treni, kijiji hakijaonekana bado lakini mnara wa kanisa umeshajitokeza juu ya miti. Kanisa la Kianglikana nchini humo lina makanisa takriban 16,000, na maelfu kati ya hayo yalijengwa kabla ya mwaka 1550. Wengi wetu tunayapita tu. Wenyeji nao wengi walikuwa wakiyapita hivyo hivyo.

Pevsner alizaliwa mjini Leipzig, Januari 30, 1902, katika familia ya Kiyahudi. Baba yake, mwenye asili ya Urusi, alikuwa mfanyabiashara wa ngozi za manyoya. Mwaka 1921 kijana huyo alibatizwa akawa Mlutheri. Alisomea historia ya sanaa, akapata shahada ya udaktari mwaka 1924, na mwaka 1929 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Göttingen.

Alijihesabu Mjerumani kamili. Walioandika maisha yake wameonyesha kwamba mwanzoni hata utawala wa Hitler aliutazama kwa matumaini katika baadhi ya mambo. Lakini sheria ya mwaka 1933 iliyowaondoa Wayahudi katika utumishi wa umma haikujali ubatizo wa mtu, ilitazama babu na bibi zake walikuwa nani. Pevsner akapoteza kazi.

Alikwenda Uingereza na kupata kazi ya muda ya utafiti mjini Birmingham. Mkewe Lola na watoto walimfuata baadaye. Vita vilipozuka, mtu aliyefukuzwa Ujerumani kwa kuwa Myahudi alikamatwa Uingereza, mwaka 1940, kwa kuwa Mjerumani. Aliwekwa kambini Huyton, karibu na Liverpool. Alipoachiwa alifanya kibarua cha kuzoa vifusi vya nyumba zilizopigwa mabomu jijini London.

Mwaka 1942 mama yake, aliyebaki Leipzig, alijiua ili asipelekwe kambini na Wanazi. Mwaka huo huo Pevsner alianza kufundisha Chuo cha Birkbeck, London, ambako baadaye alikuja kuwa profesa. Uraia wa Uingereza aliupata mwaka 1946.

WAZO LA MWAKA 1945

Kwao Ujerumani kulikuwa na vitabu vya Georg Dehio vilivyoorodhesha majengo ya kihistoria mji kwa mji. Uingereza hakukuta kitu cha namna hiyo kwa nchi nzima. Mwaka 1945 Allen Lane, mwanzilishi wa kampuni ya vitabu ya Penguin, alipomuuliza angependa kuchapisha nini, Pevsner alikuwa na jibu tayari: kitabu kimoja kwa kila kaunti, kinachoingia mfukoni.

Vitabu vya kwanza vilitoka mwaka 1951. Wasaidizi wake, ambao mwanzoni walikuwa wakimbizi wenzake kutoka Ujerumani, walikusanya maelezo maktaba. Likizo za chuo zilipofika, Pevsner alifunga safari, na Lola ndiye aliyeshika usukani wa gari kuukuu la mwaka 1933 waliloazimwa na Penguin, tena enzi za mgao wa petroli. Walizunguka vijijini tangu asubuhi hadi jioni. Usiku, wakiwa nyumba ya wageni, aliandika yote aliyoyaona mchana kabla hayajamtoka kichwani.

KANISA KWANZA

Katika vitabu vyake, maelezo ya kijiji huanza na kanisa, kwa kuwa mara nyingi ndilo jengo kongwe kuliko yote hapo. Kanisa la parokia halikujengwa kwa siku moja. Mavuno yakiwa mazuri au biashara ya sufu ikistawi, waumini waliongeza mnara, walipanua ukumbi au walibadilisha madirisha. Kwa hiyo jengo moja laweza kubeba kazi ya karne tano.

Anayejua kutazama anaweza kukisia umri wake. Kuta nene, madirisha madogo na matao ya mviringo ni kazi ya Wanormani, walioiteka nchi mwaka 1066. Madirisha membamba yenye ncha kali juu ni ya karne ya 13. Yale yenye nakshi za mawe zinazojipinda kama majani ni ya karne ya 14. Madirisha mapana yenye nguzo nyembamba zilizonyooka hadi juu yalitawala baada ya hapo, mpaka mageuzi ya dini ya karne ya 16, wakati michoro mingi ya ukutani ilipofunikwa kwa chokaa.

Pevsner hakuishia kwenye ukongwe. Makanisa ya enzi za Malkia Victoria, ambayo wengi waliyadharau, aliyaandika kwa makini yale yale. Kuanzia mwaka 1964 aliongoza chama cha kutetea majengo ya enzi hizo yasibomolewe.

Hakukosa wapinzani. Mshairi John Betjeman, aliyehariri kitabu chake cha makanisa ya parokia mwaka 1958, alimwona kuwa profesa wa Kijerumani anayehesabu mawe bila kuyapenda. Lakini mtu asiyependa kitu hakizungukii kwa zaidi ya miaka 20. Kitabu cha mwisho kilitoka mwaka 1974. Vyote ni 46, na 32 kati ya hivyo aliviandika peke yake.

Mwaka 1969 alipewa hadhi ya Sir. Lola, aliyemwendesha katika safari nyingi za mwanzo, hakuiona siku hiyo, kwani alifariki mwaka 1963. Pevsner mwenyewe alifariki London, Agosti 18, 1983.

Vitabu vyake vimeendelea kurekebishwa na wengine, na hadi leo Waingereza huviita kwa jina lake tu. Anayetaka kujua kanisa la kijijini kwake ni la lini huambiwa aangalie Pevsner.

Amezikwa kando ya mkewe katika kijiji cha Clyffe Pypard, kaunti ya Wiltshire, kwenye uwanja wa kanisa la parokia.