Mwalimu Nyerere alipokuwa mwalimu mgeni Tabora

Ukisema Mwalimu hapa Tanzania bila kutaja jina jingine, kila mtu anajua unamzungumzia nani. Lakini Julius Kambarage Nyerere hakuitwa hivyo kwa heshima tu. Alikuwa mwalimu wa kushika chaki kweli, na kazi hiyo aliianzia Tabora. Wengi wetu tunamkumbuka Rais. Leo tunamtazama kijana wa miaka 23, aliyemaliza Makerere mwaka 1945 na kwenda kufundisha mbali na kwao.

Alizaliwa Butiama, mkoa wa Mara wa leo, Aprili 1922, mtoto wa Mtemi Nyerere Burito wa Wazanaki. Nyumbani walizungumza Kizanaki. Kiswahili alikisoma alipopelekwa shule ya Mwisenge, Musoma, akiwa na miaka 12, kisha kikafuata Kiingereza. Kwa hiyo alipokuja kuwafundisha wengine Kiingereza, ugumu wa kujifunza lugha ya watu alikuwa ameuonja mwenyewe.

Tabora ni mji uliozoea wageni. Zamani misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji ilitua hapo, ikiwa na pembe za ndovu, nguo, na kwa uchungu mkubwa, watumwa. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, na Kiswahili kilipanda nao kutoka pwani. Reli ya Kati ilifika mwaka 1912, na miembe ya njia ya zamani ikabaki kuwa kivuli cha wenyeji. Nyerere aliufahamu mji huo kidogo, kwa sababu alisoma shule ya Serikali ya Tabora kuanzia 1937 hadi 1942. Lakini mwanafunzi wa bweni anaujua mji kwa kupita tu. Mwalimu lazima aishi nao.

Kwanza ilibidi achague. Shule yake ya zamani, ya Serikali, ilimtaka. Shule ya misheni ya St. Mary's, iliyokuwa chini ya Mapadri Weupe, nayo ilimtaka, na Padri Richard Walsh ndiye aliyemwita. Serikali ilimjulisha kwamba miaka atakayofundisha misheni haitahesabiwa kwenye pensheni yake. Kwa kijana wa wakati ule hilo halikuwa jambo dogo. Hata hivyo alikwenda St. Mary's, akafundisha baiolojia na Kiingereza pamoja na rafiki yake, Andrew Tibandebage.

Kengele ya mwisho ikilia, kazi yake haikuisha. Aliwafundisha Kiingereza watu wazima wa mjini bila malipo. Enzi zile barua nyingi za ofisini na mambo ya mahakama za juu za wakoloni yalikwenda kwa Kiingereza, na asiyekijua alisomewa na mwingine. Pamoja na Tibandebage alilifufua tawi la Tabora la chama cha TAA, lililokuwa limelala. Tawi hilo likafungua duka la ushirika la kuuza mahitaji ya kila siku, kama sukari, unga na sabuni.

Kwa muda mfupi alikuwa pia mkaguzi wa bei wa Serikali, akiingia madukani kuangalia wateja wanatozwa kiasi gani. Aliandika taarifa kuhusu waliokuwa wakidanganya bei. Taarifa hizo hazikufanyiwa kazi, naye akaiacha kazi hiyo.

Ulikuwepo pia mdahalo na shule ya Serikali, kuhusu nani alifaidika zaidi tangu Afrika igawanywe, Mwafrika au Mzungu. Upande wa Nyerere ulishinda. Baada ya hapo alizuiwa kurudi katika shule ileile iliyomlea. Tunaona hapo kwamba kuzoea mahali hakukumfanya anyamaze.

Mwaka 1949 aliondoka kwenda kusoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uskoti, akarudi na shahada mwaka 1952. Akafundisha Pugu, hadi mwaka 1955 siasa ilipomtaka achague tena, akaacha ualimu. Lakini lugha hakuiacha. Akiwa Rais aliitafsiri kwa Kiswahili tamthilia ya Shakespeare ya Julius Caesar mwaka 1963, na Mabepari wa Venisi ikafuata mwaka 1969.

Tabora nayo alirudi. Januari 1958 TANU ilikutana hapo kuamua kama ishiriki uchaguzi wa kura tatu, ambapo kila mpiga kura alitakiwa kuchagua Mwafrika mmoja, Mwasia mmoja na Mzungu mmoja. Wanachama wengi walikuwa na hasira na sharti hilo. Nyerere aliwashawishi wakubali, na chama kikashinda. Alifariki London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama.

Msikilizaji, huenda shule ya kijijini kwenu imepokea mwalimu mgeni mwaka huu, hajui kilugha chenu wala njia ya kisimani. Huenda mwalimu huyo ni wewe. Miaka ile ya Tabora inatuonyesha kwamba mgeni huanza kuwa mwenyeji siku anapojua bei ya sukari inawaumiza majirani zake, akakaa nao kutafuta la kufanya. Nasi wenyeji tuna wajibu wetu: tumfungulie mlango, na akiwafundisha wazee wetu jioni, tuwahimize waende.